Amir Jamal: Mtunza hazina mwadilifu na hesabu ya mkorosho

KWA mkulima wa Chiwata, pembezoni mwa Uwanda wa Makonde wilayani Masasi, mkorosho ndio benki. Ada ya mtoto, bati za nyumba, gharama za jando na unyago, hata deni la dukani, vyote husubiri msimu wa korosho ufunguliwe. Ndiyo maana mkulima huyu hufuatilia bei ya kilo moja kwa makini kuliko anavyofuatilia hotuba ya bajeti inayosomwa bungeni kila Juni.

Hata hivyo, bei ile na hotuba ile ni ndugu wa damu. Fedha inayomfikia mkulima hutegemea pia mambo yanayoamuliwa mbali na shamba lake: thamani ya shilingi, kodi, riba na makato. Na katika miaka 25 ya mwanzo ya uhuru, hakuna mtu aliyeyashughulikia mambo hayo kwa muda mrefu kuliko marehemu Amir Habib Jamal.

Jamal alikuwa Waziri wa Fedha kwa vipindi vitatu: 1965 hadi 1972, 1975 hadi 1977 na 1979 hadi 1983. Vijana wengi wa leo hawalijui jina lake. Wazee wanaomkumbuka humtaja kama mtu msafi, mchapakazi na asiye na makuu. Sifa hizo anazistahili. Lakini kwa wakulima wa Masasi na Newala maisha yake yanabeba swali kubwa zaidi: je, uadilifu wa mtunza hazina unatosha kumlinda mkulima?

Kijana wa Mwanza

Jamal alizaliwa Mwanza Januari 26, 1922, katika familia ya Kiismailia yenye asili ya Gujarat, India. Alikulia katika mji ambao uhai wake ulikuwa pamba, samaki na biashara ya ziwa. Mtoto aliyelelewa katika mazingira hayo hujifunza mapema kwamba mkulima akivuna vizuri duka hujaa wateja, na akikosa, duka nalo hulala njaa.

Baada ya masomo ya hapa nchini alikwenda India, akasoma Chuo Kikuu cha Calcutta na kupata shahada ya biashara na uchumi. Aliishi India wakati vuguvugu la kudai uhuru likiwa limepamba moto. Aliporudi Tanganyika aliingia katika biashara, lakini moyo wake ulikuwa umekwishaelekea kwenye siasa.

Miaka ya 1950 alikuwa karibu na Mwalimu Julius Nyerere, na urafiki wao ulidumu maisha yote. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulioanza mwaka 1958, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. TANU, ambayo wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika, iliamua katika mkutano wake wa Tabora kushiriki uchaguzi huo licha ya masharti yake, na ikawaunga mkono baadhi ya wagombea wa jamii nyingine. Jamal alikuwa mmoja wao, na akashinda.

Julai 1959 aliingia serikalini pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo na Derek Bryceson, wakiwa mawaziri wa kwanza waliotokana na wajumbe wa kuchaguliwa. Alianza na serikali za mitaa za miji pamoja na ujenzi. Nchi ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, alikuwa akisimamia mawasiliano, umeme na ujenzi. Baadaye aliwakilisha Morogoro bungeni kwa miaka mingi.

Hazina mpya, fedha mpya

Kabla yake Wizara ya Fedha ilikuwa imeongozwa na Sir Ernest Vasey, kisha Paul Bomani, mwanaushirika mashuhuri wa pamba kutoka Kanda ya Ziwa. Jamal alipokabidhiwa wizara hiyo mwaka 1965, nchi haikuwa na fedha yake wala benki kuu yake. Shilingi iliyotumika Masasi ndiyo iliyotumika Mombasa na Kampala, ikitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki.

Mwaka huohuo nchi tatu za Afrika Mashariki zilikubali kwamba kila moja iwe na sarafu yake. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa Desemba 1965 na benki ikafunguliwa Juni 1966, Edwin Mtei akiwa gavana wa kwanza. Shilingi ya Tanzania ilizaliwa ikiwa na thamani sawa na ile ya zamani. Kilikuwa kipindi ambacho kosa dogo lingeweza kuwafanya watu waikimbie noti mpya, lakini mabadiliko yalipita kwa utulivu.

Miezi minane baadaye lilifuata jambo zito zaidi. Februari 5, 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na siku iliyofuata serikali ikataifisha benki za biashara. Mwalimu alitoa uamuzi, lakini kazi ya kuhakikisha hundi zinaendelea kulipwa, amana za watu zinakuwa salama na wenye benki wanalipwa fidia iliangukia Hazina na Benki Kuu. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliundwa na kuanza kazi katika mazingira hayo, baadhi ya wataalamu wa kigeni wakifunga virago.

Jamal pia alishiriki katika mazungumzo ya reli ya TAZARA. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kuigharimia zikisema haitalipa. China ilikubali kutoa mkopo usio na riba, na reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikajengwa kati ya 1970 na 1975.

Mtoza kodi aondoka mlangoni

Kwa mkulima wa Chiwata, hatua ya Jamal iliyoonekana kwa macho ilikuwa ya mwaka 1969. Hadi wakati huo kila mwanamume mtu mzima alidaiwa kodi na halmashauri ya wilaya, kodi iliyokuwa mtoto wa ile ya kichwa iliyoanzishwa na wakoloni. Juu yake kulikuwa na ushuru wa mazao, uliokatwa mkulima alipouza.

Ubaya wa kodi ya kichwa ni kwamba haiangalii mavuno. Mwenye mikorosho 200 na mwenye mikorosho 20 hudaiwa karibu sawa. Mwaka wa ukame haupunguzi kitu. Vijijini watu walizoea kukimbilia porini waliposikia mtoza kodi anakuja, na aliyekamatwa bila stakabadhi aliaibishwa mbele ya watoto wake.

Katika mabadiliko ya 1969 serikali ilifuta kodi hiyo pamoja na ushuru wa mazao. Badala yake ilileta kodi ya mauzo, iliyotozwa kwenye bidhaa za viwandani na zile zinazoagizwa kutoka nje. Kwa lugha ya uchumi, mzigo ulihama kutoka kwenye kichwa cha mtu kwenda kwenye matumizi yake. Anayenunua zaidi hulipa zaidi, na asiye na kitu hafuatwi nyumbani kwake.

Hiyo ilikuwa hatua ya haki, lakini ilikuwa na gharama yake. Halmashauri zilipoteza mapato yake makuu, na serikali kuu ikachukua mzigo wa elimu ya msingi, afya na barabara. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kabisa. Wilaya za Masasi na Newala zikawa zinasubiri fedha kutoka Dar es Salaam, umbali wa siku kadhaa kwa barabara za wakati huo, na masika yakifika Mto Rufiji ulikata mawasiliano.

Kodi isiyo na stakabadhi

Hapa ndipo hesabu ya mkorosho inapoingia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 za korosho ghafi, kiasi kilichoiweka miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Sehemu kubwa ilitoka kusini, na Uwanda wa Makonde ulikuwa moyo wake. Kufikia msimu wa 1986/87 makusanyo yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000.

Sababu zilikuwa nyingi. Kuanzia 1973 operesheni ya vijiji iliwahamisha watu kutoka mashamba yao yaliyotawanyika, na mikorosho mingi ikabaki mbali, ikamezwa na vichaka na moto. Ugonjwa wa ubwiri unga ulienea, na ilichukua muda kabla ya wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele kuonyesha jinsi ya kuudhibiti kwa salfa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilifutwa, na ununuzi ukabaki mikononi mwa Mamlaka ya Korosho.

Lakini sababu inayogusa Hazina moja kwa moja ilikuwa bei. Bei ya mkulima ilipangwa na serikali. Wataalamu wa Wizara ya Kilimo walipendekeza, Kamati ya Uchumi ya Baraza la Mawaziri ikaamua. Mamlaka ya Korosho iliuza nje kwa fedha za kigeni, ikabadilishiwa kwa kiwango rasmi, ikatoa gharama zake, na mkulima akapata kilichobaki.

Tuchukue mfano wa darasani. Kilo ya korosho imeuzwa nje kwa dola 1. Kwa kiwango rasmi cha shilingi 8, mamlaka inapata shilingi 8. Ikiwa magunia, malori, maghala, mishahara na riba ya benki vinakula shilingi 5, kwa mkulima zinabaki 3. Sasa chukulia thamani halisi ya dola ni shilingi 16. Mamlaka ingepata 16, na hata kama gharama zingepanda hadi 8, mkulima angeondoka na shilingi 8. Tofauti ya shilingi 5 katika kila kilo ni kodi. Haikupitishwa na Bunge, haina stakabadhi, lakini imelipwa.

Nani aliyefaidi kodi hiyo? Ni kila aliyepata dola kwa bei rasmi: viwanda vya umma vilivyoagiza mashine na malighafi, mashirika, na wachache waliokuwa na vibali. Mkulima aliyeuza kwa bei ya chini alikwenda dukani akakuta rafu tupu, sabuni, kitenge na jembe vikipatikana kwa magendo kwa bei ya juu. Akapunguza palizi. Huo haukuwa uvivu, kama baadhi ya viongozi walivyodhani. Mkulima alikuwa amepiga hesabu zake.

Kwa maneno mengine, mtoza kodi aliyeondolewa mlangoni mwaka 1969 alirudi kwa njia ya mizani. Jamal hakuwa peke yake katika maamuzi hayo, na wakati baadhi yake yanafanywa hakuwa hata Waziri wa Fedha, kwani kati ya 1972 na 1975 alikuwa Waziri wa Biashara na Viwanda. Lakini alikuwa miongoni mwa wachumi waliosikilizwa zaidi serikalini, na historia haiwezi kumuweka kando.

Viwanda vya kubangua korosho vinasimulia hadithi hiyohiyo. Korosho yetu ilikuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India, ikabanguliwa huko na kuuzwa tena. Wazo la kubangua nyumbani lilikuwa zuri, na kwa mikopo ya Benki ya Dunia vilijengwa viwanda kadhaa, vikiwemo vya Masasi, Newala, Mtama na Likombe. Vilipokuwa tayari, mikorosho ilikuwa haizai tena kwa kiasi cha kuvilisha. Mashine zikalala na deni likabaki.

Kurudi katikati ya dhoruba

Jamal alirudi Hazina mwaka 1975, baada ya ukame mkali na mafuta kupanda bei kumaliza akiba ya fedha za kigeni. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka huo ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kwa muda nchi ikapata nafuu. Mwaka 1977 Mtei alikabidhiwa Wizara ya Fedha, Jamal akahamishiwa mawasiliano na uchukuzi. Hiyo nayo haikuwa kazi ya kupumzika, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika na nchi ililazimika kuanzisha haraka mashirika yake ya ndege, reli, bandari na posta.

Kisha ikaja vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, pamoja na ongezeko jingine la bei ya mafuta. Serikali ilipogombana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kuhusu masharti ya mkopo, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi, Mtei alijiuzulu. Mwalimu alimwita tena Jamal.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa migumu kuliko yote aliyopitia. Mwaka 1980 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa mwaka wa magavana wa Benki ya Dunia na IMF, heshima kubwa kwa nchi maskini. Alikuwa pia mjumbe wa tume ya kimataifa ya maendeleo iliyoongozwa na Willy Brandt, aliyekuwa Chansela wa Ujerumani Magharibi. Lakini nyumbani makubaliano na IMF ya mwaka huohuo yalivunjika muda mfupi baada ya kuanza.

Msimamo wake ulikuwa na mantiki. Aliona kwamba nchi inayouza korosho na katani na kununua mafuta na matrekta haiwezi kutibiwa kwa kushusha thamani ya fedha peke yake wakati bei za duniani zinapangwa na wengine. Aliona pia kwamba maskini wa mijini wangeumia kwanza. Kasoro ni kwamba, wakati mjadala ukiendelea, mkulima wa Makonde alikuwa anaendelea kulipa ile kodi isiyo na stakabadhi. Serikali ilijaribu mpango wa kunusuru uchumi mwaka 1981 na mpango wake wa marekebisho mwaka 1982, lakini fedha za kigeni hazikuwepo.

Mwaka 1983 Cleopa Msuya alichukua Wizara ya Fedha. Bajeti ya 1984 ilianza kulegeza masharti ya uagizaji, na thamani ya shilingi ikashushwa hadi 17 kwa dola. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ikafikia makubaliano na IMF, na dola ikapita shilingi 40.

Jamal alibaki serikalini hadi Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985. Baadaye aliiwakilisha Tanzania Geneva katika ofisi za Umoja wa Mataifa, akiendelea kutetea nchi maskini katika masuala ya biashara na madeni. Alifariki dunia mwaka 1995 mjini Vancouver, Canada, akiwa na umri wa miaka 73. Aliyeshika funguo za Hazina kwa muda wote huo hakuacha nyuma yake kashfa ya kujitajirisha.

Funzo kwa Chiwata

Kodi aliyoifuta Jamal haikukaa kaburini. Halmashauri ziliporudishwa katika miaka ya 1980 zilihitaji mapato, na kodi ya maendeleo ikarudi vijijini, pamoja na watozaji wake na hekaheka zake. Ilifutwa tena mwaka 2003 chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi.

Mabishano kati ya Hazina na mkorosho nayo hayakwisha. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha sheria ili fedha za tozo ya korosho ghafi zinazouzwa nje ziingie zote katika Mfuko Mkuu wa Serikali, wakati awali asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao hilo. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu. Miezi michache baadaye wakulima walikataa bei za mnadani, na serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likipewa kazi ya kusomba mzigo.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tumkumbuke waziri wa miaka hiyo wakati korosho siku hizi zinauzwa kwa mnada na stakabadhi ghalani? Jibu ni kwamba swali halijabadilika. Kila senti inayokatwa kati ya mti na meli ni kodi, iitwe tozo, ushuru, makato ya chama, gharama ya ghala au kiwango cha kubadilishia fedha. Kodi inayoonekana mkulima anaweza kuihoji. Isiyoonekana humfanya aache palizi, na nchi hugundua miaka kumi baadaye, mikorosho ikiwa imekwisha kuwa pori.

Maisha ya Jamal yanatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba inawezekana kushika fedha za umma kwa miaka mingi bila mikono kuchafuka, na hilo si dogo. La pili ni kwamba mikono safi haitoshi kama mkulima haonyeshwi hesabu. Msimu ukifunguliwa, mwanachama wa ushirika wa Chiwata asiishie kuuliza bei ya mnada. Aulize na bei ya bandarini, kisha aombe aorodheshewe, mstari kwa mstari, kilichopotea njiani.